Kisukari na chanjo ya UVIKO-19

Wenye kisukari walikuwa katika kundi la kwanza kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19 nchini Tanzania, pamoja na wagonjwa wengine wa magonjwa sugu, watumishi wa afya na watu wa miaka 50 na zaidi. Walitangulizwa kwa sababu wakishaambukizwa virusi vya korona, wengi wao huzidiwa kuliko watu wengine.

Sukari inayokaa juu kwa muda mrefu hudhoofisha chembe nyeupe za damu na kuharibu mishipa, figo na moyo. Maambukizi nayo hupandisha sukari, kwa kuwa mwili unaopambana na homa hutoa homoni zinazopinga kazi ya insulini. Hata deksamethasoni, dawa iliyothibitika mwaka 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, hupandisha sukari. Nchini Uingereza, katika wimbi la kwanza, uwezekano wa kufia hospitalini ulikuwa takribani mara mbili kwa wenye kisukari cha aina ya pili na mara tatu na nusu kwa wa aina ya kwanza, wakilinganishwa na wasio na kisukari. Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa uchambuzi wa nchi 13 za Afrika: katika kila wagonjwa 100 wa UVIKO-19 wenye kisukari walikufa 10.2, ilhali kwa wagonjwa wote kwa jumla walikufa 2.5. Wengi wa wenye kisukari ni watu wa umri mkubwa, kwa hiyo tofauti hiyo yote isibebeshwe sukari peke yake.

Chanjo ilichelewa kufika Tanzania. Shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen, ilipokelewa Dar es Salaam Julai 24, 2021, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani kuzindua kazi hiyo. Sinopharm, Pfizer na Moderna zilifuata baadaye. Kwa vituo vya mbali, Janssen ilikuwa na faida mbili: ilitolewa mara moja tu, na ilihifadhika kwenye jokofu la kawaida, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ndicho kiwango kile kile cha insulini ambayo haijafunguliwa, na insulini ikiganda haifai tena.

Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, ina hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na hapo ugumu wa mpango huu wa chanjo unaonekana vizuri. Julai ni msimu wa kuchuma kahawa, na siku ya kliniki hushindana na siku ya shamba. Ukiteremka kutoka milimani hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, baridi inageuka joto, na kaya isiyo na jokofu hutegemea chungu chenye maji ili insulini isiharibike. Hata hivyo kikwazo kikubwa zaidi hakihusu jokofu wala barabara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wanacho. Mtu asiyejua kuwa ana kisukari hawezi kujitokeza kama mgonjwa sugu. Kigezo cha miaka 50 ndicho kilichowanasa baadhi yao bila kuuliza habari za sukari. Wa miaka 40 asiyepimwa aliachwa nje.

Kisukari hakimzuii mtu kuchanjwa. Chanjo huchomwa kwenye msuli wa bega, tofauti na insulini inayochomwa chini ya ngozi, na haibadilishi dozi za kudumu za dawa. Homa na uchovu vinaweza kupandisha sukari kwa siku mbili tatu, kwa hiyo mgonjwa hushauriwa kupima mara nyingi zaidi, kunywa maji na kuendelea na dawa zake. Anayetumia insulini akikosa hamu ya ugali siku hizo, hatari huwa upande wa pili: sukari kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, akitetemeka na kutokwa jasho. Kwa mwenye sukari isiyodhibitiwa, kingamwili hujengeka kwa kiasi kidogo zaidi. Kwake dozi ya nyongeza ina uzito wa pekee.

Machi 2023 washauri wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani waliwaweka watu wazima wenye kisukari katika kundi la kipaumbele cha juu, wakishauriwa kupata dozi ya nyongeza miezi 6 au 12 baada ya ya mwisho. Mei 5, 2023 shirika hilo lilitangaza kuwa UVIKO-19 si tena dharura ya kimataifa.