Kutoka Nyegezi hadi Mtu ni Afya: Mafunzo ya Mawasiliano Tanzania

Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria. Uandishi wa habari ulikuja kufundishwa hapo sambamba na ustawi wa jamii na uhasibu, na kituo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Nje ya Nyegezi nafasi za kusoma zilikuwa chache. Kati ya 1963 na 1968 waandishi wa Afrika waliweza kuhudhuria kozi ya miezi sita jijini Nairobi, iliyoanza chini ya Tom Hopkinson, mhariri wa zamani wa majarida ya Picture Post na Drum. Wengine walipelekwa Ujerumani Mashariki. Serikali ya Tanzania ilifungua chuo chake cha uandishi wa habari, TSJ, jijini Dar es Salaam mwaka 1975, miaka mitano baada ya kutaifisha gazeti la The Standard. Wahitimu walikwenda gazeti la Daily News, Radio Tanzania na, kuanzia 1976, shirika la habari la Shihata.

Hata hivyo, mafunzo mapana kuliko yote ya zama hizo hayakuwahusu waandishi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na ili vikundi hivyo viende, viongozi wapatao 75,000 walifundishwa kwa semina fupi zilizoshuka ngazi kwa ngazi hadi vijijini. Kikundi kilikaa kuizunguka redio moja. Kipindi kikiisha, mtu anayejua kusoma aliwasomea wenzake sura ya kijitabu, kisha kiongozi akauliza: je, ugonjwa huu upo kwetu, na tufanye nini? Kiongozi alifundishwa kuuliza, si kuhutubia. Jibu lilionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Ujuzi huo wa kuongoza mjadala ulistahili heshima ileile iliyopewa ujuzi wa kuandika habari, lakini kampeni ilipokwisha, wengi walioupata hawakuwa na chombo cha kuutumia. Redio ilibaki kuzungumza kutoka Dar es Salaam.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na wanawake. Mwaka 1987 waandishi wanawake, miongoni mwao Fatma Alloo na Edda Sanga, walianzisha chama chao, TAMWA, na mwaka uliofuata wakatoa jarida la Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Uzito wa kazi yao ulikuwa katika namna ya kuifanya. Waliochunguza jambo, kwa mfano ubakaji au kipigo cha majumbani, waliketi na waandishi wa magazeti na redio mbalimbali, wakawapa ushahidi na maelezo ya sheria, kisha wote wakaitoa habari kwa wakati mmoja, kishindo kimoja. Gazeti moja likinyamaza, mengine yalisema. Semina hizo ziliwafundisha wanaharakati kuandaa taarifa inayochapika, na zikawafundisha waandishi kumlinda aliyetendewa ukatili. Shinikizo la aina hiyo lilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, magazeti na redio binafsi vikaongezeka kuliko walimu. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa 1995, lilichukua mafunzo ya maadili, na klabu za waandishi wa mikoa zikawa mahali pa kunolea wale ambao hawakuwahi kuingia chuoni. Kuanzia 2008 mfuko wa TMF ulitoa ruzuku kwa waandishi wa habari za uchunguzi na za vijijini. Mwandishi hakupewa fedha tu: alipewa pia mlezi mzoefu wa kuisimamia kazi yake, na hapo mafunzo yalifanyika juu ya habari halisi.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 ziligeuza hesabu: anayetaka kutambuliwa kuwa mwanahabari lazima awe na stashahada, na waliokuwa kazini walipewa miaka mitano kuipata. Mzigo mkubwa uliangukia redio za jamii, ambazo watangazaji wake wengi ni watu wa kujitolea waliojifunza kazi studioni, katika vijiji vyao wenyewe.