Wasifu wa kazi na programu za kuchuja waombaji

Wasifu wa kazi, ambao wengi huuita CV, siku hizi mara nyingi husomwa na programu kabla haujafika kwa ofisa rasilimali watu. Teknolojia hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Resumix ya California ilianza kuskani wasifu wa karatasi na kuugeuza kuwa maandishi ya kompyuta. Taleo, kampuni nyingine ya programu hizi iliyoanzishwa 1999, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2012. Afrika Mashariki, wanaoomba kazi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hupitia mfumo wa Inspira, na wa utumishi wa umma Tanzania hupitia Ajira Portal.

Programu huanza kwa kutoa maandishi kwenye faili, kisha huyapanga: jina, simu, elimu, vyeo, tarehe. Hapa ndipo watu wenye sifa hupotea bure. Chukua wasifu wa safu mbili: kushoto "Kiswahili, Kiingereza", kulia "Mhasibu Msaidizi, 2019–2022". Baadhi ya programu husoma moja kwa moja kukatisha ukurasa, zikapata "Kiswahili, Kiingereza Mhasibu Msaidizi 2019–2022", na uzoefu wa miaka mitatu ukamezwa na sehemu ya lugha. Namba ya simu iliyowekwa kwenye kijajuu huweza kurukwa. Wasifu uliopigwa picha kwa simu na kuhifadhiwa kama PDF kwa kawaida hauna maandishi ndani yake, na nyota za kupimia ujuzi hazisomeki. Kuhakiki ni rahisi: nakili wasifu wote, ubandike kwenye Notepad. Ukivurugika hapo, huenda ukavurugika na kwa mwajiri.

Ofisa naye hutafuta kwa maneno ya tangazo. Mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania, aandike jina kamili la sifa yake pamoja na kifupi CPA, maana hajui litatafutwa lipi. Tangazo likiwa la Kiingereza, wasifu uwe wa Kiingereza. "Mtunza stoo" hataonekana kwa anayetafuta cheo hicho kwa Kiingereza. Kurundika maneno ya tangazo kwa maandishi meupe yasiyoonekana ni udanganyifu, tena hufichuka, kwa kuwa programu huyatoa yote na ofisa akayaona.

Si kweli kwamba kila anayeachwa amekataliwa na mashine kwa uamuzi wake yenyewe. Mara nyingi anayemtoa ni mwajiri, kupitia maswali ya lazima aliyoyaweka: una leseni? una uzoefu wa miaka mitano? Ripoti ya Harvard Business School na Accenture ya 2021 ilionyesha kuwa waajiri wengi huwachuja waliokaa bila ajira zaidi ya miezi sita. Kigezo hicho kinamwonea mama aliyekuwa akilea na mtu aliyekuwa akiugua. Kama katika kipindi hicho mtu aliendesha duka, alisoma kozi au alijitolea, aviandike kwa tarehe zake. Hayo yote ni halali kuandikwa.

Upendeleo unaweza kuwa ndani ya programu yenyewe. Mwaka 2018 Reuters iliripoti kwamba Amazon iliachana na programu ya majaribio iliyojifunza kutokana na wasifu wa miaka kumi, mwingi wa wanaume, ikawa inawashusha wanawake. Jiji la New York, tangu Julai 2023, huwataka waajiri wanaotumia vyombo vinavyopima waombaji vyenyewe wavifanyie ukaguzi huru wa upendeleo na kuwajulisha waombaji kwamba vinatumika.