Afya na ustawi
Afya na ustawi ni hali ya mwili, akili na mahusiano ya mtu na wenzake. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inadai ukamilifu wa hali hizo zote tatu, si kukosa maradhi tu. Neno ukamilifu limepingwa, tena kwa haki: mwaka 2011 mtafiti Machteld Huber na wenzake walionyesha kwamba kwa kipimo hicho wengi wetu tungehesabiwa wagonjwa muda mwingi. Hata hivyo upande wa jamii hauondoleki. Huko Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwanaanthropolojia Monica Wilson aliwakuta Wanyakyusa miaka ya 1930 wakihusisha ugonjwa na hasira ya ndugu au majirani. Kupatana kulikuwa sehemu ya kupona. Mtu atasema upatanisho hauui vimelea vya malaria. Ni kweli, na hapo dawa haina mbadala. Lakini mgonjwa aliyetengwa hukosa wa kumpeleka zahanati, wa kumpikia uji na wa kumkumbusha dozi.