Sabuni na Mishumaa ya Nyumbani, na Kodi Iliyoifuata

Maneno haya mawili, sabuni na mshumaa, yote tuliyapata kwa Waarabu, na vitu vyenyewe tumezoea kuvinunua dukani hata twadhani ndiko vilikozaliwa. Sivyo. Kwa miaka mingi katika nchi za Ulaya na Amerika vilitengenezwa uani, na mikono iliyovitengeneza ilikuwa zaidi mikono ya wanawake. Twataka kueleza kazi ile ilivyokuwa, na jinsi Serikali ya Uingereza ilivyoingia jikoni mwa raia ikataka sehemu yake.

Msingi wa kazi zote mbili ni mmoja, yaani shahamu. Mwezi wa Novemba, kabla baridi haijakaza, mkulima wa Amerika ya Kaskazini alichinja baadhi ya wanyama wake, kwa kuwa hakuwa na majani ya kuwalisha wote wakati wa theluji. Mkewe akaikusanya shahamu, akaiyeyusha, akaichuja. Ile ngumu ya ng'ombe na kondoo ikawekwa kwa mishumaa. Makombo, na mafuta yaliyokwisha kukaangia nyama, yakawekwa kwa sabuni.

Kutengeneza mishumaa kulitaka subira. Tambi za pamba zilitundikwa juu ya vijiti, zikachovywa katika shahamu ya moto, zikaachwa zipoe, zikachovywa tena na tena mpaka kila utambi umenenepa. Shahamu ikizidi moto, ile iliyokwisha kuganda huyeyuka na kudondoka. Ikipoa mno, mshumaa huwa na mabonge. Aliyekuwa na kalibu za bati alimwaga tu akasubiri. Nta ya nyuki ilikuwa ya makanisa na matajiri. Mshumaa wa shahamu ulitoa moshi na harufu, panya waliula, na ilikuwa lazima kukata ncha ya utambi kila baada ya kitambo kidogo, ama sivyo mwanga ulififia.

Kazi ya sabuni ilikuwa na hatari. Walitwaa pipa lenye tundu chini, wakatandika nyasi, wakalijaza majivu ya miti migumu, kisha wakamimina maji kidogo kidogo. Yaliyotiririka chini yalikuwa maji ya rangi ya chai, makali, ya kuunguza ngozi na kupofusha jicho. Kwa hiyo watoto walifukuzwa mbali. Kipimo chao kilikuwa yai. Likizama, maji ni dhaifu. Likielea, na sehemu ya ganda kadiri ya sarafu ikaonekana juu, maji yamefaa. Ndipo wakayachanganya na shahamu katika chungu cha chuma, nje ya nyumba kwa sababu ya harufu, wakapika na kukoroga muda mrefu. Kilichopatikana kilikuwa sabuni laini kama uji mzito, iliyowekwa katika mapipa na kutekwa kwa kata. Ili kupata sabuni ngumu walitia chumvi.

Watu wa Nablus na Aleppo walikuwa mbele kwa hayo. Walitumia mafuta ya zeituni pamoja na magadi yaliyotokana na majivu ya mimea ya nchi ya chumvi, wakapata sabuni ngumu ya kukatwa vipande. Wapishi wetu walainishao maharagwe kwa magadi hawadhani kwamba wameshika nusu ya sabuni mkononi. Magadi yakichanganywa na chokaa na maji huwa makali kama yale maji ya majivu, hata kuyapita.

Sasa tuje kwenye kodi. Mwaka 1709 Bunge la Uingereza liliweka ushuru juu ya mishumaa, wala haikuwa halali tena mtu kujitengenezea nyumbani pasipo leseni na kulipa. Mwaka 1712 ikafuata sabuni. Sheria iliacha njia moja kwa maskini: unyasi wa kinamasini uliomenywa ganda, ukabaki kiini na uzi mwembamba wa ganda wa kukishikilia, ukakaushwa na kuchovywa mara moja katika shahamu. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, aliieleza kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1789. Alihesabu nyasi zaidi ya 1,600 katika ratli moja, akaona kwamba ratli sita za shahamu zatosha kuzichovya. Kwa hesabu yake, robo ya peni moja ilimpa maskini mwanga wa saa tano na nusu.

Kasisi huyo aliwalaumu maskini kabisa kwa kununua kila jioni mshumaa wa nusu peni usiowaka sana kupita saa mbili. Hesabu yake ni njema, walakini lawama yake hatuikubali. Ratli sita za shahamu hununuliwa kwa fedha iliyokusanyika, na mtu alipwaye kwa siku hana fedha iliyokusanyika; ana nusu peni ya jioni ile.

Ushuru wa sabuni ulipanda hata mwaka 1816 ukafika peni tatu kwa kila ratli ya sabuni ngumu. Watu wa ushuru walifunga vifuniko vya masufuria ya kupikia kwa kufuli wakati wa usiku, ili asipike mtu kwa siri. Mwenye kiwanda kikubwa aliweza kuyavumilia hayo. Mwenye sufuria moja hakuweza. Na sabuni ikiwa ghali, nguo za mtoto wa mfanyakazi hazifuliwi sawasawa. Ushuru wa mishumaa uliondolewa mwaka 1831, na ule wa sabuni mwaka 1853, Gladstone alipokuwa Waziri wa Fedha.

Wakati huo elimu ya kemia ilikuwa imekwisha kuibadili kazi yenyewe. Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1791, wa kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida, asidi kali, mawe ya chokaa na makaa. Serikali ya mapinduzi ikamnyang'anya kiwanda. Alirudishiwa baadaye bila fedha ya kukiendesha, naye akajiua mwaka 1806. Viwanda vilivyoifuata njia yake Uingereza vilitoa hewa iliyokausha miti na mashamba, mpaka sheria ya mwaka 1863 ikavizuia kidogo. Mwenzake Chevreul alikuwa na bahati zaidi. Alichunguza shahamu akagundua imeungwa na nini, akachapisha kitabu mwaka 1823, na kwa elimu yake mishumaa migumu, myeupe, isiyonuka ikapatikana. Utambi wa kusukwa nao ulivumbuliwa miaka hiyo hiyo. Hujikunja ukaungua wenyewe, usihitaji mkasi. Chevreul aliishi miaka 102, akaziona taa za umeme katika njia za Paris.

Tangu hapo viwanda vilitaka mafuta mengi kuliko ng'ombe wa Ulaya walivyoweza kutoa. Ufuta wa pwani yetu, na baadaye nazi kavu za Unguja, vilipakiwa merikebuni kwenda Marseille kwa watengenezaji wa sabuni. Mawese yalitoka Afrika ya Magharibi. Mwaka 1911 William Lever, ambaye sabuni yake ya Sunlight ilikuwa imeenea Uingereza tangu miaka ya 1880, alipatana na Serikali ya Ubelgiji apewe misitu ya michikichi katika Kongo. Wanaume wa huko walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira mdogo, na wake zao, waliojua kukamua mawese kwa mapishi yao wenyewe, waliona tunda likichukuliwa kiwandani.