Jeki, Lifti na Swali la Nani Anashikilia Gari

Leo tarakilishi tuziweke kando kidogo. Mimi hula kwa kuandika programu, lakini Jumamosi hushinda chini ya gari, na wenzangu wengi wa kazi hii wana ugonjwa huohuo. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: zile lifti ndogo za kubebeka, za fremu mbili na pampu ya umeme, ambazo watu wanaagiza kutoka ng'ambo, je, zinafaa gereji ya nyumbani? Jibu langu linaanzia mbali, zaidi ya miaka 350 iliyopita. Ukiijua historia ya kifaa hiki utajua cha kuangalia kabla ya kutoa pesa zako.

Hoja yangu niitaje mapema: kuinua mzigo na kuushikilia mzigo ni kazi mbili tofauti. Binadamu waliimudu ya kwanza vizuri sana. Ya pili ndiyo inayoua mafundi hadi leo.

Kabla ya mafuta kulikuwa na parafujo. Jeki ya mkasi inayokaa kwenye buti ya gari lako ni mjukuu wa teknolojia hiyo ya kale. Ina sifa moja nzuri: ukiacha kuzungusha, inabaki palepale, kwa maana msuguano wa meno ya parafujo ndio unaozuia mzigo kurudi chini. Ubaya wake ni kwamba msuguano huohuo unakula nguvu zako. Unazungusha mpaka jasho linatoka, gari limepanda kiasi cha kidole.

Kisha akaja Mfaransa Blaise Pascal. Wanaoandika programu wanalijua jina lake kupitia lugha ya Pascal, na wengine wanajua aliunda mashine ya kujumlisha. Lakini kitabu chake kuhusu vimiminika, kilichochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ndicho baba wa kila jeki ya mafuta. Alisema hivi: ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawasawa kila upande.

Tupige hesabu. Chukua pistoni ndogo yenye kipenyo cha sentimita 1 na kubwa yenye sentimita 4. Eneo la kubwa ni mara 16 ya ndogo, kwa hiyo nguvu nayo huzidishwa mara 16. Ongeza mpini unaozidisha mara 10, jumla ni mara 160. Kusukuma kwa uzito wa kilo 10 kunainua kilo 1,600, tukiacha msuguano pembeni. Lakini hakuna cha bure: pistoni ndogo ikishuka sentimita 3.2, kubwa inapanda milimita 2 tu. Kupandisha gari sentimita 20 ni kupampu mara 100. Sisi wa programu tunalijua biashara hili, unapata huku unalipa kule.

Nadharia ilikaa zaidi ya karne moja bila kuwa mashine ya maana. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah, aliyesifika kwa kutengeneza kufuli, alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Shida ilikuwa kuvuja. Maji yenye shinikizo kubwa yalipenya pembeni mwa pistoni. Suluhisho hutajwa kuwa la kijana wake wa karakana, Henry Maudslay: sili ya ngozi iliyoumbwa kama kikombe, ambayo kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyojibana zaidi kwenye ukuta wa silinda. Maudslay alikuwa akilipwa shilingi 30 kwa wiki. Alipoomba aongezewe akanyimwa, akaondoka mwaka 1797 kufungua karakana yake, na akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa Uingereza. Wakubwa wa kampuni, hapo mna somo.

Ikumbuke sili hiyo, maana uzima wako chini ya jeki ya mafuta umefungwa kwenye kipande hicho kidogo. Siku hizi ni mpira badala ya ngozi, lakini kazi ni ileile. Ikichakaa, ikikatwa na chembe ya uchafu, mafuta yanapita na gari linashuka. Mara nyingine polepole usiku kucha, mara nyingine ghafla.

Mwaka 1851 Richard Dudgeon, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa fundi huko New York, alipata hataza ya jeki ya haidroliki ya kubebeka. Aliweka tangi, pampu na silinda katika mwili mmoja ambao mtu angeweza kuubeba. Jeki ya chupa unayoinunua leo, ukiipasua ndani, Dudgeon angeielewa bila kufundishwa. Ajabu ni kwamba gari la Karl Benz lilipata hataza mwaka 1886. Jeki ilitangulia gari kwa miaka 35!

Katika jiji hilohilo la New York, mwaka 1854, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu na kuamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanaswa na meno ya chuma. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote katika historia hii. Hakuongeza uwezo wa kuinua hata kilo moja. Alichojibu ni swali la pili: kinachoinua kikifa, nani anashikilia?

Magari yalipoenea, mafundi walifanya kazi kwenye mashimo. Shimo halianguki, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia humo chini ukingoja cheche. Mwaka 1925 Peter Lunati wa Memphis, Marekani, alipata hataza ya lifti ya gari. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye kiti cha kinyozi, kile kinachopanda na kuzunguka. Sasa fundi angeweza kusimama wima chini ya gari bila kuingia shimoni. Baadaye zikaja za nguzo mbili na nne, na sasa hizi za kubebeka.

Haya, turudi nyumbani. Pita Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au jua kali yoyote ya mtaani kwenu. Si ajabu kumkuta fundi amelala chini ya gari lililoshikwa na jeki moja na jiwe. Jiwe la kujengea lina nguvu likiwa ukutani, uzito ukiwa umesambaa. Ukiliwekea ncha ya chuma katikati linapasuka bila kukuonya. Hapo teknolojia ni ya Dudgeon, na somo la Otis halijafika.

Lifti ya kubebeka ina uzuri wake hapa. Fremu mbili bapa unaziingiza chini ya gari, moja kila upande, unaunganisha mipira ya mafuta, unabonyeza kitufe. Gari zima linapanda kama nusu mita, sawasawa. Husimami chini yake, lakini breki, ekzosi na giaboksi unavifikia. Ukimaliza, unaziegemeza ukutani. Kabla hujanunua, angalia haya:

Kwanza, kufuli la chuma. Lifti nzuri ikishapanda inashushwa kidogo mpaka ikalie chuma, na mafuta yanapumzika. Isiyo na kufuli usiilipie hata kama ni nusu bei.

Pili, uzito na vipimo. Pima umbali kati ya sehemu za kuinulia za gari lako, mbele hadi nyuma, uulinganishe na fremu. Gari lenye chesi kama pikapu huenda likahitaji vikanyagio virefu zaidi.

Tatu, sakafu. Zege tambarare ndiyo yenyewe. Kabro juu ya udongo mweusi wa pamba huzama upande mmoja mvua ikinyesha. Zile za nguzo za kufunga kwa bolti zisahau kabisa kama huna zege nene.

Nne, umeme. Ya soko la Marekani hutumia volti 110 na hezi 60, sisi tuna 240 na 50. Transfoma itarekebisha volti, hezi haiguzi, na mota itazunguka polepole na kupata joto. Tafuta ya 240, au ya volti 12 inayotumia betri ya gari.

Hata kufuli lenyewe halina msamaha wa kukaguliwa. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliita tena stendi za jeki kwa mamia ya maelfu, kwa kuwa meno yangeweza kuachia mzigo. Miezi michache baadaye, stendi walizotoa kama mbadala nazo zikaitwa, safari hii kwa kasoro ya kuchomelea. Kiraka kilikuja na mdudu wake! Kwa programu tungewasha upya tukaendelea. Chini ya gari hakuna kuwasha upya.

Kwa hiyo kila ninapoinua gari, nafunga kufuli, naweka stendi pia, naliacha gurudumu nililolitoa chini ya chesi, kisha nalisukuma gari kwa mkono kabla sijaingiza kichwa. Ni dakika tano. Kama pesa hazitoshi kwa lifti, jeki ya toroli na stendi nne nzuri zitakufikisha mbali, na ni salama kuliko lifti ghali inayotegemea mafuta peke yake.

Fundi wako wa mtaani naye mnunulie stendi mbili kabla ya kumpa kazi nyingine. Gari ni lako, lakini anayelala chini ni yeye.