Njia ya Yeriko na Wasikilizaji Wake

Mfano wa Msamaria mwema, ambao katika Injili nne unapatikana kwa Luka peke yake, katika sura ya 10, umesomwa makanisani kwa muda mrefu kiasi kwamba muumini wa leo huuona kuwa na maana moja tu isiyohitaji maelezo, yaani wajibu wa kumsaidia mwenye dhiki. Historia ya ufafanuzi wake, hata hivyo, inaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja Wakristo waliusikia kwa namna nyingine kabisa, na kwamba kila ulipopata uhai mpya, kilichobadilika ni mahali msikilizaji alipojiweka ndani ya kisa.

Katika karne ya 3, Origenes, mwanateolojia wa Aleksandria aliyehamia Kaisaria ya Palestina, alihubiri juu ya Injili ya Luka na kuwapa wasikilizaji wake ufafanuzi ambao alisema ulitoka kwa mmoja wa wazee wa Kanisa. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, mtu aliyeteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko na kupigwa na wanyang'anyi ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu, wanyang'anyi ni nguvu za uovu, kuhani ni Torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa linalompokea kila anayetaka kuingia. Usomaji wa aina hii huitwa wa kiistiari, kwa kuwa kila kitu katika kisa huchukuliwa kuwa alama ya jambo jingine, na Augustino wa Hippo aliuendeleza hadi akasema kwamba mwenye nyumba ya wageni ni mtume Paulo. Ni rahisi kuuona usomaji huo kuwa wa kubuni mno, lakini nguvu yake ya kiroho haipaswi kudharauliwa, kwa sababu ulimweka muumini pale chini, kando ya njia, akiwa amevuliwa nguo na hawezi kujiinua, akingoja rehema ya mwingine.

Wasiojua kusoma waliupokea usomaji huo kwa macho. Katika kitabu cha Injili cha karne ya 6 kinachohifadhiwa Rossano, kusini mwa Italia, ambacho kurasa zake za ngozi zilitiwa rangi ya zambarau na maandishi yake kuandikwa kwa fedha, anayemwinamia majeruhi ni Kristo mwenyewe, naye malaika amesimama karibu akiwa ameshika bakuli la dhahabu. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, dirisha la vioo vya rangi lililotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 13 linasomwa kuanzia chini kwenda juu: kwanza wanaonekana mafundi viatu wakiwa kazini, kisha msafiri, wanyang'anyi, kuhani na Mlawi, Msamaria na nyumba ya wageni, na juu ya hayo yote, badala ya kisa kuishia hapo, kinafuata kisa cha Adamu na Hawa, kufukuzwa kwao bustanini, na Kaini kumwua Abeli. Fundi viatu aliyeinua macho kutoka kwenye picha ya kazi yake mwenyewe alikutana na majeraha yake mwenyewe.

Usomaji huo wa kiistiari ulipingwa vikali na mwanamageuzi wa Kanisa Yohane Calvin, aliyeandika mwaka 1555 kwamba mfano unafundisha tu kuwa ujirani hauna mpaka, na mwishoni mwa karne ya 19 msomi Mjerumani Adolf Jülicher aliuhesabu kuwa kisa cha kuigwa. Walikuwa na haki ya kulirudisha mahali pake swali la mwanasheria aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani, lakini gharama yake ilikuwa kubwa, kwani tangu hapo msikilizaji alizoea kujiona mfadhili. Myahudi wa kwanza kuusikia mfano huu asingejiona hivyo kwa urahisi: Wayahudi walikuwa wamelibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na sasa aliambiwa kwamba mkono unaomtia mafuta na divai ni wa mtu wa taifa lile.

Katika karne ya 20, mchungaji Mmarekani Martin Luther King aliitazama njia yenyewe, ambayo huteremka takriban mita 1,000 kwa umbali usiofika kilomita 30. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside, New York, alisema kwamba kumhudumia majeruhi ni hatua ya mwanzo tu, na kwamba njia nzima ya Yeriko lazima igeuzwe ili watu wasiendelee kupigwa humo. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 3 Aprili 1968, aliurudia mfano huo Memphis, mbele ya wazoa taka waliokuwa wakigoma tangu Februari baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Alieleza kwamba huenda kuhani na Mlawi walijiuliza yatakayowapata wakisimama, ilhali Msamaria aliligeuza swali na kuuliza yatakayompata mtu yule asiposimama. Kesho yake King aliuawa kwa risasi. Tarehe 16 Aprili mgomo ulimalizika kwa makubaliano yaliyokitambua chama cha wafanyakazi hao na kuwaongezea mishahara.