Kupoza kwa maji

Maneno haya hudanganya kidogo. Anayekata paa la kasha la kompyuta, akalainisha kingo kwa tupa na kufunga rejeta ya milimita 360 yenye feni 3 za milimita 120, hajatengeneza baridi. Maji hubeba tu joto la prosesa hadi kwenye rejeta, feni zikalipeperusha nje. Mtungi wa udongo ndio unaopoza hasa, kwa kuwa maji yake hupenya na kugeuka mvuke. Haya ya kompyuta yamefungiwa mpirani. Kwa hiyo katika mji wa joto kama Masalani, chumba kikifika nyuzi 36, prosesa haishuki chini ya hapo, hata rejeta iwe kubwa vipi. Ningependelea “kuhamisha joto”, ingawa najua muuza vipuri hatanielewa.